Nimekonda, gauni limepasuka

Kituoni kwetu Tabata kuna kijana wa mzani. Unampa mia mbili, unavua viatu, unapanda, naye anakusomea kilo zako kwa sauti ya kondakta anayetaja vituo. Januari alinisomea 88, na watu watatu waliokuwa wanasubiri gari la Kariakoo wakageuka kuniangalia. Mwanzoni mwa Mei akanisomea 79. Nikamwomba arudie, tena kwa sauti. Safari hii hakugeuka mtu.

Kilo tisa! Sitawachosha na habari za mchicha na kutembea kwa miguu hadi Buguruni. Itoshe kusema chipsi mayai najua zilipo, nazisalimia kwa mbali na kupita.

Sasa, mimi na mahesabu yangu. Shoga yangu wa kazini aliniambia kila ukipungua kilo nne au tano, unashuka namba moja ya nguo. Mimi nilikuwa 18. Tisa gawanya kwa nne na nusu, mbili. Namba za Uingereza, ambazo ndizo nimezizoea, zinakwenda mbili mbili, kwa hiyo nimefika 14. Na kwa kuwa kati ya namba moja na inayofuata kuna kama inchi mbili, mwili wangu umepungua inchi nne. Hesabu safi, hata mwalimu wa darasa la sita angenipa vema.

Kilichonimaliza kabisa ni Karume. Jumamosi moja nilichambua mitumba hadi nikaibuka na jinzi ya buluu, nikaijaribu papo hapo juu ya taiti, muuzaji kanigeuzia mgongo kwa heshima. Imeingia. Zipu imepanda. Kifungo kimefunga na bado napumua! Nikageuza kiunoni kusoma lebo: 12. Nililipa bila kuomba kupunguziwa, jambo lililomshtua hata muuzaji mwenyewe. Kwa furaha akanichomolea na sketi, lebo 42. Nikamrudishia kwa hasira. 42 ni namba ya viatu vya mume wangu.

Huko nyumbani nilikuwa na sare ya send-off ya mpwa wangu, satini rangi ya maboga, mshono wa kubana mpaka magotini halafu unachanua kama mkia wa samaki. Fundi aliishona Januari kwa vipimo vya kilo 88, kisha kamati ikasogeza tarehe kwa kuwa michango ilikuwa inasuasua. Nikaituma kwa bodaboda, nikampigia fundi simu.

"Fundi, punguza inchi nne kote."

"Dada, si uje tu nikupime?"

"Nimeshajipima."

"Kwa futi?"

"Kwa mzani."

Akanyamaza kidogo. "Haya, dada. Kote?"

"Kote, fundi."

Gauni lilirudi saa mbili kabla ya sherehe. Nililivaa nikisaidiwa na wifi yangu, ambaye si mtu wa kumsaidia mtu bila kutoa maoni. Kifuani lilipwaya, akanijazia leso mbili. Kiunoni safi. Nyongani ndipo tulipofikia kumwita Mungu. Nilivuta pumzi, wifi akavuta zipu, na zipu ilipofika juu akanitazama usoni. "Wifi, usikae."

Sikukaa. Ukumbi ulikuwa Sinza, nikasimama muda wote nikijifanya naratibu wageni.

Mnaojua send-off zetu mnajua saa ya zawadi. Mashangazi tuliingia kwa mstari, mimi wa tatu, kichwani nimebeba boksi la hotpoti. Tukaserebuka taratibu, na kwa hatua fupi za gauni lile nilionekana mwenye madaha. Ndipo MC akashika maiki: "Mashangazi, hebu twendeni chiniii!"

Aliyekuwa mbele yangu akaenda chini. Wa nyuma yangu akaenda chini. Ningebaki wima na boksi langu ningeonekana na kinyongo na bibi harusi. Nikaenda.

Sauti yake haikuwa ya zipu. Zipu ya watu ilivumilia hadi mwisho. Ni mshono wa nyuma, kutoka kiunoni hadi kule mkia wa samaki unapoanzia, praaaa, na DJ kwa bahati yake mbaya au yangu alikuwa amekata muziki ili watu washangilie. Upepo wa feni ya ukumbini nikaupokea mahali ambapo si kawaida yake. Nilishindwa kushika nyuma kwa sababu nimeshika hotpoti, na kuinuka nikaogopa.

Shangazi mkubwa, mwanamke wa Tanga asiyetoka bila khanga mkobani, alinifunga kiunoni kabla wapiga picha hawajazunguka. Mungu ampe maisha marefu. Ila jina la khanga liliangukia katikati ya makalio yangu, na MC, mtoto asiye na adabu, akalisoma kwenye maiki: "Mtasema mchana, usiku mtalala!" Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Jumatatu nikampelekea fundi gauni, nimevaa jinzi yangu ya ushindi. Alinipima bila kusema neno, futi ikizunguka, penseli sikioni. Kifua kimepungua inchi nne na nusu. Kiuno, nne. Nyonga, moja na nusu. Kilo zangu zilikuwa zimeondoka usoni na kifuani kwa haraka, zile za nyongani zikabaki kulinda nyumba.

"Lakini hii jinzi ni 12," nikajitetea.

Akachungulia lebo. "Hii ya Marekani. Ya kwao ongeza nne upate ya Uingereza. Wewe ni 16, dada. Kwa Wajerumani hiyohiyo wanaiita 42."

Nikaikumbuka ile sketi.

"Basi niongezee hizo inchi mbili na nusu za nyongani, fundi."

"Ningekunja kwa ndani ningefungua. Wewe ulisema kote, nikakata."

"Si kuna kitambaa kilichobaki?"

Fundi akainama kutafuta kitu chini ya cherehani. Wakati bado anatafuta, pazia likafunguliwa, akaingia binti yake wa miaka minne hivi, "Shikamoo mama," amevaa kigauni kipya cha satini rangi ya maboga, chini kinachanua kama mkia wa samaki.

Kilimkaa vizuri sana.