Kabla hujachagua kitoto cha paka, watazame wakubwa

Kila ninapoingia kituo cha kuhifadhi wanyama wasio na makao, ambako watu huenda kuchukua paka wa kufuga, nakuta hali ileile. Watu wamejazana mbele ya vitoto vya paka, simu mkononi, na upande wa pili paka wakubwa wametulia wakiwaangalia. Wengine wana miezi pale. Inaniuma, maana naamini wengi wetu tungefaana zaidi na hao wakubwa.

Kitoto cha paka hujui kitakuwaje kikikua. Paka wa miaka 5 tabia yake imeshajulikana, na anayemjua vizuri ni mhudumu anayemsafishia kizimba kila asubuhi. Yeye ndiye atakayekwambia kama anapenda kubebwa, kama anaelewana na wenzake, kama anawaogopa watoto. Muulize huyo kabla hujavutiwa na rangi ya manyoya. Uliza pia habari za chanjo na kuhasiwa. Na umri usikutishe: paka anayeishi ndani na kutunzwa vizuri huweza kufika miaka 15, hata zaidi.

Wangu nilimchukua akiwa na miaka 7, jike la milia, amelala kajigeuzia ukutani. Mwenye naye alikuwa amefariki. Tulipofika nyumbani aliingia uvunguni mwa kitanda, na kwa siku tatu sikuona kitu zaidi ya macho mawili gizani. Nilimwachia chumba kimoja tu, chenye maji, chakula na sanduku la mchanga, nikafunga mlango. Usiku nilimsikia akitafuna. Asubuhi mchanga ulikuwa umefukuliwa. Basi, nikatulia. (Asipokula kabisa siku nzima, mpigie daktari wa wanyama. Paka akikaa na njaa siku kadhaa ini lake huweza kujaa mafuta, hasa akiwa mnene, na hali hiyo huua.)

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanamvuta kwa nguvu atoke, anawaparura, na wiki haijaisha wamemrudisha wakisema hana upendo. Hana upendo vipi? Amepoteza nyumba, harufu na sauti zote alizozizoea. Ana haki ya kuogopa, na kumrudisha ni kumpotezea nyumba mara ya pili.

Mimi kila jioni nililala sakafuni na kitabu changu, bila kumwita. Macho yetu yakikutana, nilifumba yangu polepole, nikayafumbua polepole. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha matokeo kwamba paka humsogelea kwa urahisi zaidi mtu mgeni anayewafumbia macho namna hiyo kuliko anayebaki na uso wa kawaida tu. Siku ya kumi na moja naye akanifumbia. Nilibaki pale pale sakafuni, koo limenikaba. Wiki ya tano alipanda mapajani, akanikandakanda kwa miguu ya mbele kama anayekanda unga, kisha akaanza kukoroma ile koroma ya raha inayotetemesha kifua chote.

Sasa ana miaka 10. Juzi nilipeleka mablanketi ya zamani kituoni, na kwenye kizimba cha mwisho nikakuta dume jeusi la miaka 8, sikio moja limechanika. Mhudumu ananiambia huyo hahitaji makuu, anapenda kukaa dirishani tu. Kama una dirisha, nenda ukamwone.