Ukaguzi wa kwenye kivuli cha shangingi

Picha zimezagaa kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: kamati imetembelea mgodi mmoja kule mkoani Lindi kukagua lundo la kifusi, yaani mawe na udongo unaotupwa baada ya kuchimba. Riflekta mpya, helmeti hazina hata vumbi, shangingi linanguruma ili kiyoyozi kisizime. Mkuu wa msafara ananyoosha kidole kileleni, wenzake wanatazama kidole. Kisha taarifa: lundo liko imara, wananchi waondoe hofu.

Imara! Septemba hii, ardhi imekauka hadi inapasuka, hata kichuguu cha mchwa kiko imara. Mje Februari.

Nina shangazi analima mbaazi upande wa chini wa lundo hilo. Nikampigia kumuuliza kama wakubwa walishuka huko. "Watashukaje, mwanangu, na viatu vile?" Upande wake nguzo za uzio zimeinama kuelekea shambani, na zilisimikwa wima. Chini ya uzio yanachuruzika maji membamba yenye rangi ya kutu, kiangazi hiki ambacho visima vya kijiji vinatoa tope. Anayejua kazi angeanza na mambo hayo mawili kabla ya kufungua daftari, kwa sababu nguzo zikiinama huenda kitako cha lundo kinasukuma, na maji yakitoka kiangazi ina maana ndani kumejaa.

Na maji ndiyo adui. Yakijaa katikati ya mawe na udongo, chembe zinaacha kushikana, uzito unaongezeka, na siku moja mlima unatembea. Kwa hiyo mkaguzi hupanda juu kutafuta nyufa zinazofuata ukingo, hushuka chini kuangalia palipovimba, hufuata mifereji kuona kama haijaziba, hupima kina cha maji kwenye mabomba yaliyochimbiwa ndani. Kwenye kifusi cha makaa ya mawe hunusa pia, maana kinaweza kuwaka chenyewe ndani kwa ndani. Hayo yote ni kazi ya miguu.

Wanaodhani natia chumvi waulize habari za Aberfan, kule Wales. Lundo namba 7 la mgodi wa makaa ya mawe lilirundikwa juu ya chemchemi. Watu walilalamika, barua zikaandikwa, tena mapema, 1963. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966 likashuka hadi kwenye shule ya msingi: watu 144 wakafa, 116 kati yao watoto. Sheria ya kusimamia malundo hayo ilikuja 1969, watoto wakiwa wameshazikwa. Halafu, kana kwamba haitoshi, pauni 150,000 zikachotwa kwenye mfuko wa rambirambi kusaidia kuondoa malundo yaliyobaki!

Marekani nako, bonde la Buffalo Creek, West Virginia. Bwawa lililojengwa kwa kifusi cha makaa lilikaguliwa na mkaguzi wa serikali akaandika kwamba linaridhisha. Siku 4 baadaye, tarehe 26 Februari 1972, likapasuka na kuua watu 125. Sitaki kusikia tena kwamba "ukaguzi umeshafanyika".

Hapa Mtwara malori ya makaa yanashuka kutoka Mbinga, mkoani Ruvuma, hadi bandarini, na sisi kelele zetu ni vumbi na barabara. Sawa. Ila kifusi kilichobaki huko nani anakiulizia? Novemba 2022 tope la mgodi wa almasi Mwadui lilifunika nyumba na mashamba, tukasema pole, tukaendelea na ligi.

Haya, nakubali: wakaguzi ni wachache, migodi imeleta ajira, na siku hizi kuna droni. Droni nzuri. Ila haioni maji yanayochuruzika chini ya majani ya mbaazi.

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar pale Somanga, barabara yenye wahandisi na madaraja. Lundo la mawe yaliyomwagwa tu na tipa tunaliamini kwa lipi?

Ninachotaka si kikubwa. Ukaguzi urudiwe mvua zikikolea, kwa mabuti, mwenye shamba akiwaongoza. Ripoti ibandikwe ofisi ya kijiji ikiwa na jina la aliyesaini. Na chini yake iandikwe namba ya simu inayopokelewa saa nane za usiku, siyo ya ofisi inayofungwa saa tisa na nusu alasiri.