Meseji za kuacha sigara: zisaidie, zisibebeshwe mzigo wote

Kijana aliyeamua kuacha sigara huzidiwa Ijumaa usiku, rafiki anapomnyooshea pakiti. Saa hiyo kliniki imefungwa, lakini simu iko mfukoni. Hapo ndipo meseji zinapomfaa.

Ushahidi upo. Katika utafiti wa txt2stop uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011, wavutaji 5,800 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipokea meseji tano kwa siku kwa wiki tano, kisha tatu kwa wiki. Aliyeshikwa na hamu aliandika neno moja tu, akajibiwa papo hapo. Kundi la pili nalo lilipata meseji, ila zisizohusu kuacha. Miezi sita baadaye, waliothibitika kuacha walikuwa asilimia 10.7 dhidi ya 4.9. Walithibitishwa kwa kupimwa mate, na hilo ndilo linalonipa imani na utafiti huu.

Wenye shaka watasema karibu tisa kati ya kumi bado wanavuta. Ni kweli, na anayetangaza kwamba huduma "imeongeza maradufu" bila kutaja asilimia hizo anapotosha watu. Lakini meseji ni nafuu mno. Zikiwafikia wavutaji laki moja, ziada hiyo ni maelfu ya watu.

Kinachonisumbua zaidi ni umri. Washiriki wa txt2stop walikuwa na wastani wa miaka karibu 37. Kwa vijana wa miaka 18 hadi 24, jaribio kubwa la meseji la Marekani lililochapishwa mwaka 2021 lilihusu kuacha sigara za kielektroniki. Baada ya miezi saba, asilimia 24.1 ya waliopata meseji hizo walisema wameacha, dhidi ya 18.6 ya wasiozipata. Walisema wenyewe; hawakupimwa. Tena, kijana anayevuta wikendi tu hajihesabu kuwa mvutaji, basi atajiandikisha vipi? Na anayeishi kwa wazazi, meseji ikiwaka kwenye kioo simu ikiwa mezani, siri imetoka.

Mimi naziunga mkono, kwa masharti. Kijana apewe pia mshauri wa kuongea naye, na plasta za nikotini zikihitajika. Serikali nayo isijifiche nyuma ya meseji ikakwepa kupandisha kodi ya tumbaku, maana bei humgusa hata yule asiyejiandikisha popote. Na watafiti wanaofuata wawapime vijana mate, kama walivyopimwa wakubwa wao.