Kifurushi changu kiko kwa jirani, cha mama hakijulikani kilipo

Jana narudi kazini nakuta karatasi mlangoni, mzigo wako uko kwa jirani ghorofa ya 2. Jirani mwenyewe bibi mmoja wa Kijerumani ambaye salamu anaitikia akijisikia, lakini kifurushi changu kakipokea, kakisainia na kakitunza. Nikacheka peke yangu kwenye ngazi maana asubuhi yake mama alikuwa kanipigia kutoka Tabora, sweta na miwani nilivyotuma tangu Agosti bado. Sanduku la posta si lake, ni la shule alikostaafu baba mdogo, ufunguo anao mhasibu na mhasibu yuko likizo. Mnajua wenyewe.

Sasa mi nakaa Hamburg, na hii njia ya mzigo Hamburg hadi Dar ina umri kumzidi marehemu babu. Mwaka 1890 serikali ya Ujerumani iliipa kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie ruzuku ya mark 900,000 kwa mwaka ili meli ya posta itoke hapa kwa ratiba, ipite Suez, ishuke hadi kwetu. Waingereza walishawatangulia, meli za kampuni ya British India zilikuwa zinaleta barua Zanzibar kutoka Aden kila mwezi tangu 1872. Na 1880 nchi kadhaa zilishakaa Paris zikakubaliana kifurushi cha mpaka kilo 3 kivuke mipaka kwa bei inayojulikana. Ratiba jamani! Mtu alikuwa anajua meli inaingia lini.

Haya najua mtaanza, "huyu kaona theluji kidogo anamsifia mkoloni." Tulieni. Ile meli haikuja kwa ajili ya bibi yangu, ilikuja kwa maofisa, wamisionari na wenye mashamba ya mkonge. Mizigo ya bara ikishushwa pwani ilipanda kichwani kwa wapagazi, na reli imefika Tabora 1912, kwa hiyo kabla ya hapo mzungu wa Tabora soksi zake zilitembea kwa miguu ya watu wetu. Hakuna ninachosifia hapo.

Ila ndo hapohapo napandwa na hasira, maana mpango ulikuwa mwenye sanduku ndo anapata, wengine watajijua, na sisi tumeupokea hivyohivyo mpaka leo kila fomu inakuuliza S.L.P. Anwani za makazi zimekuja 2022, mtaa wa mama una kibao na nyumba ina namba, alinitumia picha nikaiweka status, sikuona aibu kujivunia. Namba ipo, wa kuifuata na kifurushi mkononi ndo hayupo. Alafu msiniambie nchi kubwa, bodaboda ukimwambia "geti la bluu pale kwenye mwembe" anafika dakika kumi na chenji anakurudishia.

Na wewe unayeandika "si urudi ujenge nchi", nauli unatoa wewe?

Mi siringi. Huyo bibi wa ghorofa ya 2 hajui hata jina langu linatamkwaje, kwetu jirani angeshafungua kifurushi akaonja kilichomo na angekuwa ameniletea na ugali juu. Napamiss.

Anyway, nani anashuka Desemba? Nina miwani nyingine na dawa za kuchua, kilo mbili na nusu tu, hata kwa sheria ya 1880 napita.