Theluji haisukumwi, inarushwa

Huu ni msimu wangu wa sita naendesha trekta dogo la kuondoa theluji majumbani hapa Ottawa, Kanada, na kila Desemba nabishana na watu walewale kwa jambo lilelile. Jirani yangu ana pikapu yenye bapa la chuma mbele, mfano wa greda. Anasukuma theluji ya mlangoni kwake na kumaliza kabla chai yangu haijapoa. Mimi natoka na trekta lililofungwa mashine ya kurusha theluji, mwendo wa kobe, kelele tupu. Ananicheka. Namwacha acheke mpaka Februari.

Kazi ya theluji si kuiondoa, ni kujua utaiweka wapi. Tuchukue njia ya kuingizia magari mawili, mita 6 kwa 10. Usiku mmoja ikianguka theluji ya sentimita 25, hapo una mita za ujazo 15. Ikiwa kavu na laini, kila mita ya ujazo ina kilo kama 100, kwa hiyo ni tani moja na nusu kwa nyumba moja. Ikiwa ya majimaji, zidisha mara tatu. Na mji huu hupata zaidi ya mita mbili kwa msimu! Mwenye bapa anasukuma pembeni leo, kesho pembeni tena, na ile tuta ikishaganda ni zege. Kufika Februari njia ya magari mawili imekuwa ya gari moja na dereva mwembamba. Kuimwaga barabarani hawezi, sheria ndogo za mji zinakataza. Yangu inarushwa juu, inavuka tuta, inakwenda kulala tambarare katikati ya bustani.

Mashine yenyewe haina uchawi. Mdomoni kuna parafujo kubwa inayozunguka, kama ile ya kusagia nyama, inakusanya theluji na kuipeleka katikati. Hapo feni ya chuma inaipokea na kuipiga nje kupitia shingo unayoweza kuigeuza kushoto au kulia. Nguvu inatoka kwenye shafti ya nyuma ya trekta, ileile ambayo kwetu Kilosa inaendesha mashine ya kupukuchulia mahindi. Ndiyo maana sikuona ugeni siku ya kwanza. Hata mvumbuzi anayetajwa zaidi huku, Arthur Sicard wa Quebec, inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kutazama mashine ya kupura nafaka. Yake ilikamilika mwaka 1925, na ya kwanza kuuzwa ilinunuliwa na mji wa Outremont mwaka 1927.

Ukinunua, chunguza mdomo wa mashine umeelekea wapi. Zile za kawaida zinazofungwa nyuma ya trekta zinakutaka urudi kinyumenyume ndani ya theluji, shingo yako imegeuka saa nzima, na jioni unaomba kukandwa. Zinazopendwa na madereva wa huku mdomo wake unatazama mbele, kwenye trekta. Unarudi nyuma mpaka mlango wa gereji, unaishusha, kisha unaondoka ukitazama mbele huku inakufuata ikila. Tofauti ni kama kulima na kulimiwa.

Sitaificha aibu yangu. Alfajiri moja niliona theluji safi kabisa, nikapita. Chini yake kulikuwa na zulia la kufutia miguu. Mlio ule nausikia mpaka leo. Kilichoniokoa ni bolti ndogo laini ya kwenye parafujo, iliyowekwa makusudi ili ikatike yenyewe kabla giaboksi haijavunjika. Fundi asikushauri kuweka bolti ngumu badala yake ati "haitakatika tena". Kweli haitakatika, litakatika giaboksi. Tangu siku hiyo, kabla theluji ya kwanza, nachomeka vijiti vyenye rangi ya kung'aa pembezoni mwa kila njia na kuwaomba wenye nyumba waondoe nyaya, magazeti na mazulia.

Na shingo ikiziba, mkono usiingie humo, hata injini ikiwa imezimwa. Feni inaweza kuwa imebana nguvu, ukiondoa bonge inazunguka na vidole vyako. Tumia kijiti.

Nakubali kwamba bapa lina siku zake. Machi theluji ikiwa kama uji, shingo yangu inaziba kila dakika tano, na jirani ananipita akipiga honi. Nakubali pia kwamba mwenye nyumba moja yenye gari moja hana haja ya trekta. Mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono inamtosha. Trekta linajilipa ukiwa na nyumba kumi na kuendelea kwenye mtaa mmoja, na wakati wa kiangazi linakata nyasi.

Mwezi uliopita nilimpigia mjomba kwa video nikiwa kazini, nikamwonyesha theluji ikiruka angani. Yeye amelima kwa trekta miaka mingi. Akatazama kimya, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hapo ukimaliza unapanda nini?"

Nikamwambia, "Sipandi kitu, mjomba. Naihamisha tu, na kesho itaanguka nyingine."

Akanyamaza tena. Halafu akataka kujua hilo trekta lina farasi wangapi, na kama huyo mwenye kuhamisha barafu anaweza kuliuza.