Pikipiki Haiwezi Kuwa "Impaired", Jamani

Kuna maneno ya Kiingereza yakishaingia mtaani hayapumzishwi. Sasa hivi zamu ni ya "impaired". Pikipiki imezima njiani, mtu anapandisha status: "My motorcycle is impaired." Simu imedumbukia kwenye beseni: "Sorry, phone impaired." Lifti imegoma, ofisi inabandika karatasi mlangoni kwa herufi kubwa: LIFT IMPAIRED, USE STAIRS. Watu wanapanda ghorofa sita wanahema, na hakuna anayeuliza hiyo lifti imepungukiwa nini hasa. Kuona au kusikia?

Sikilizeni basi. "Impaired" inafuata uwezo: kuona, kusikia, kusema, kukumbuka, kutembea, kuamua, au kazi ya kiungo kama figo kuchuja damu. Uwezo huo umeshuka chini ya kawaida, lakini si lazima uwe umekwisha. Kifaa kikiharibika kina maneno yake. Pikipiki "has broken down". Simu ikipasuka kioo "is damaged", ikigoma kuwaka "is not working". Lifti "is out of order". Tena hayo yote ni mepesi kutamka, sijui watu wanajitesea nini.

Na tukishafika kwenye kutamka, silabi ni mbili tu, mkazo uko kwenye ya pili: im-PEAD. Hiyo -ed ya mwisho haisomwi peke yake. Sisi kwa kuwa tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, tunageuza kuwa "impeaRIdi", na aliyeko upande wa pili wa simu anadhani ni jina la dawa. Kwenye kuandika, wanaoacha i ndio wengi: "impared". Weka a-i-r kama ilivyo kwenye "hair".

Sasa njoo kwenye barua za kuomba ruhusa kazini, maana huko ndiko kuna vituko. "I request three days off because my mother is impaired." Ndugu yangu, umemchongea mama! Ukisema mtu "is impaired" ukaishia hapo, msomaji wa Marekani au Kanada anaelewa kwamba amelewa, kama si pombe basi kitu kingine. Kanada ndilo neno la sheria kabisa: "impaired driving" ni kosa la kuendesha huku ulevi au dawa vimepunguza uwezo wako. Na usidhani kipimo kikisoma chini ya miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu umepona. Hiyo 80 ni kosa linalosimama peke yake. Hili la "impaired" linaweza kukukuta hata ukiwa chini yake, mradi ithibitike kwamba uwezo wa kuendesha umepungua. Sasa mama wa watu ana mtoto wa jicho tu, wewe umeshampeleka kwa trafiki.

Dawa yake ni kutaja uwezo wenyewe. "My mother's eyesight is impaired and I have to take her to the clinic." Au ukitaka kumtaja mtu, mtangulizie neno linaloonyesha ni upande gani: "She is visually impaired." Kwa akili na kumbukumbu ni "cognitively impaired". Kusikia ndiko kunakochezea watu, kwa sababu mtu akishaiona "visually" anaunda yake ya "hearingly". Hakuna kitu hicho! Ni "hearing-impaired", na kistari hicho kinawekwa hasa neno likikaa mbele ya nomino. Viungo vyenyewe usiviguse: "eye impaired", "leg impaired", hapana. Mguu ukisumbua, "he has impaired mobility", au kwa lugha ya binadamu wa kawaida, "he has difficulty walking".

Ila hata hiyo "hearing-impaired" usiitupe mbele ya viziwi ukadhani umekuwa mstaarabu. Tangu 1991 Shirikisho la Viziwi Duniani limetaka watu waseme "deaf" na "hard of hearing", kwa sababu hiyo nyingine inamwanzia mtu kwenye kasoro yake. Watu wanakwepa "deaf" kwa adabu, wanaangukia neno ambalo wenyewe wamelikataa.

Halafu kuna "impaired of eyes". Hii ni "mlemavu wa macho" iliyovalishwa suti na kupelekwa mjini. Baada ya "impaired" huja "by", ikifuatwa na kilichosababisha: "His judgement was impaired by alcohol." Kilichopungua kinatangulia, sababu inafuata.

Na wapenda kuzidisha nao: "totally impaired". Kama ni "totally", si kupungua tena, ni kwisha. Sema "blind". Kwa walio katikati kuna "mildly", "moderately" na "severely", na kwenye macho haya yana vipimo. Shirika la Afya Duniani linahesabu "moderate" kuanzia pale jicho lililo bora linaposoma chini ya 6/18: herufi anayoiona mwenye macho mazima akiwa mita 18, wewe hadi usogee ibaki mita 6. Chini ya 6/60 ni "severe". Chini ya 3/60 ndiyo upofu.

Hospitali nako, mtu akipewa karatasi ya maabara yenye "impaired fasting glucose" anaanza kugawa urithi. Tulia. Ni sukari ya asubuhi kabla ya kula, kati ya 6.1 na 6.9 (millimoli kwa lita) kwa vipimo vya Shirika hilohilo la Afya Duniani. Kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0. Uko kwenye onyo, hujafika kwenye ugonjwa, ila soda ya asubuhi iache.

Wenye kibali cha kuiita pikipiki "impaired" ni wahasibu peke yao. Kanuni yao ya kimataifa ya uhasibu, IAS 36, inasema mali iliyoandikwa vitabuni kwa thamani kubwa kuliko inayoweza kurudisha ni "impaired". Vitabuni shilingi 2,400,000. Ukiiuza, ukatoa gharama za kuuza, unapata 1,500,000. Ukiendelea kuitumia, thamani ya itakachoingiza ni 1,700,000. Unachukua iliyo kubwa, hiyo 1,700,000, na hasara ni 700,000. Chombo chenyewe wakati huo kinawaka kwa kiki moja, kimetulia nje ya ofisi, hakijui kama kimeandikwa vibaya.

Kwenye fomu neno linageuka nomino: "Do you have any impairment?" Taja aina, kiwango na unachohitaji: "Yes. Moderate visual impairment, both eyes. I need large print." Watu wanajaza "Yes, sometimes", wanasaini, wanaondoka, halafu wiki ijayo wanalalamika kwamba mtihani uliletwa kwa maandishi madogo.