Dripu ya haraka: utafiti unamhusu mtoto yupi?

Mtoto kaletwa usiku, ana homa, anahema kwa shida, miguu ya baridi. Muuguzi anabonyeza ukucha, anauachia, anahesabu: moja, mbili, tatu, wekundu bado haujarudi, dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: fungulia dripu iende kasi.

Mwaka 2011 utafiti wa FEAST ulilitikisa jibu hilo. Watoto 3,141 wagonjwa kama huyo, wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwemo wa Kilifi, Mbale na Muheza, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa maji mengi kwa haraka, ya chumvi au ya albumini (protini ya damu). Wengine dripu ya kawaida, ya polepole. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini na 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi. Wa polepole, 7.3.

Waliopinga matokeo hayo walikuwa na hoja. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na malaria, wengi wakiwa na upungufu mkubwa wa damu, na wodi hazikuwa na mashine za kupumulia. Basi matokeo hayo yanamhusu nini daktari wa London? Pengine kidogo. Lakini kwa daktari wa Muheza hoja hiyo inageuka: hao ndio wagonjwa wake, na wodi ndiyo hiyo. Isitoshe, watafiti walipotenganisha wenye malaria na wasio nayo, wenye damu ya kutosha na wasio nayo, mwelekeo ulibaki ule ule. Kwamba madaktari walijua nani kapewa nini si kasoro ya kunikosesha usingizi. Kifo hakibadiliki kwa macho ya anayekihesabu.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni waliosikia “dripu inaua” wakaishia hapo. Kwanza, hata wale wa polepole walikuwa wanapata maji. Pili, ukifika kwenye maelezo ya nani aliachwa nje, mahali ambapo wengi huruka, utakuta watoto wenye utapiamlo mkali na wale waliokuwa wakiharisha hawakuingizwa. Mtoto wa kipindupindu, macho yamebonyea, ngozi ukiivuta inachelewa kurudi, hayumo kabisa kwenye takwimu hizi. Kumnyima maji kwa jina la FEAST ni kuutumia utafiti kwa mtu ambaye haukumpima.

Ndiyo maana usiku ule, kabla ya kugusa kile kigurudumu cha dripu, mama anaulizwa: ameharisha mara ngapi leo?